Hadigadi: gurudumu la mvule linayumba, na mteja anataka mlio wa "mbwa" uondolewe

Seremala wa Kibuye (Kisumu)

Ndugu mafundi, salaam.

Nina karakana karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu. Kazi inayonilisha ni vitanda na makochi, lakini kwa miaka 11 nimekuwa nikichonga nyatiti (kinubi cha Kijaluo cha nyuzi nane) na orutu (fidla yetu ya uzi mmoja) kwa ajili ya shule zinazojiandaa kwa tamasha za muziki na kwa wapigaji wanaoalikwa katika harusi na matanga. Mbao na ngozi si vitu vigeni kwangu. Kilichonileta hapa ni ala ambayo si ya kwetu, na ambayo sijawahi kuiona ana kwa ana isipokuwa ile niliyoiunda kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa muziki anayeishi Nakuru aliniletea michoro iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa saba, akaniomba nimuundie hadigadi. Kwa wasioifahamu, ni sanduku la mbao lenye nyuzi, na mahali pa upinde pana gurudumu la mbao linalochomoza katikati ya kifua chake. Mpigaji hulizungusha kwa mkono wa kulia, kwa kishikio kilicho kwenye kitako cha ala, na ukingo wake uliopakwa rosini (utomvu mkavu wa kuufanya ushike) husugua nyuzi zote kwa pamoja, huku vidole vya mkono wa kushoto vikibonyeza vibonye vinavyosukuma vijino vidogo vya mbao dhidi ya nyuzi za wimbo ili kuzifupisha. Nyuzi zilizobaki hazibonyezwi kamwe. Hizo huvuma kwa sauti moja chini ya wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipoelezwa hivyo nilimwambia mwalimu kwamba hiyo basi ni orutu ambayo upinde wake hauishi, akacheka, tukaafikiana bei, akaniachia shilingi 15,000 za kuanzia.

Sasa nimekwama katika mambo matatu.

La kwanza ni gurudumu. Nilikata duara la kipenyo cha sentimita 16 kutoka ubao mmoja wa mvule uliokauka vizuri, nikalikereza mwezi wa Februari, na kwa wiki kadhaa lilitoa sauti ambayo hata majirani walikuja kuisikiliza. Mvua za masika ziliponyesha, kufikia katikati ya Aprili sauti ilianza kuja na kuondoka. Nikizungusha polepole nasikia uzi ukiimba, ukififia, ukaimba tena, ukafifia tena, yaani mara mbili kwa kila mzunguko. Nimeusugua ukingo kwa msasa, ukatulia kwa siku mbili, kisha tatizo likarudi.

La pili ni ubao wa kifua. Michoro inataka mti wa Ulaya ambao hapa sitaupata. Nimetumia saiprasi kwa muda, lakini sijui kama inafaa au kama ningerudia kwa mvule ili kiwe kitu kimoja na sanduku.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Kuna kidaraja kidogo chini ya uzi mmoja ambacho michoro inakiita mbwa. Kikichezeshwa hutoa mlio mkali wa kukwaruza. Nilimrekodia mwalimu kwa simu, naye akajibu kwamba ala inalia kama redio iliyopasuka spika, na kwamba nisipoondoa mlio huo atadai pesa zake. Je, nimekosea kukiunda, au ndivyo kinavyotakiwa kulia?

---

Fundi wa fidla, Nakuru

Fundi, hongera kwa kulifikisha gurudumu hadi likaimba, kwa maana wengi huishia kwenye michoro. Mimi hukarabati fidla na magitaa hapa Nakuru, na nimewahi kuunda hadigadi mbili, ya kwanza ikiwa na kosa hilihili lako. Kwa sababu hiyo nitakujibu kwa kirefu kuhusu gurudumu, na mengine nitawaachia wanaoyajua zaidi.

Katika maelezo yako yote, maneno yaliyonifumbua macho ni "mara mbili". Kama sauti ingefifia mara moja kwa kila mzunguko, ningesema tundu la mhimili halimo katikati barabara, au mhimili wenyewe umepinda. Inapofifia mara mbili, gurudumu limeacha kuwa duara na limekuwa yai. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, lakini haivimbi sawasawa kila upande. Kwa urefu wa mishipa yake karibu haisogei kabisa. Kwa upana husogea, na ikiwa imepasuliwa pete za mti zikiwa zimelala, husogea karibu mara mbili ya ile iliyopasuliwa pete zikiwa zimesimama. Kwa hiyo ukikata gurudumu kutoka ubao mmoja, umekata kitu ambacho kipenyo chake cha upande mmoja kitabaki vilevile mwaka mzima, ilhali kipenyo cha upande wa pili kinaweza kuongezeka hata nusu milimita mvua zikija. Kwenye meza ya mkahawa nusu milimita haionekani na mtu. Kwenye hadigadi, ambako tunasawazisha mgandamizo wa uzi juu ya gurudumu kwa kupenyeza kipande cha karatasi chini yake pale darajani, hicho ni kilima.

Na hata kama mvule wako ungebaki duara, bado ungekuwa na kasoro ya pili. Ukitembeza kidole kwenye ukingo utagundua kwamba sehemu mbili ni laini, pale mishipa inapolala sambamba na ukingo, na sehemu mbili zina vinyweleo, pale ncha za mishipa zinapotokeza. Rosini haishiki sawa katika sehemu hizo. Msasa hauwezi kuondoa tofauti hiyo, kwa kuwa ndivyo mti ulivyoumbwa.

Liweke kando gurudumu hilo. Lifanye kigoda cha mtoto. Kisha unda jingine kwa namna hii. Kiini kiwe cha plaiwudi nzuri isiyo na mapengo ndani, kwa sababu tabaka zake zimepishanishwa mishipa na hivyo zinazuiana kuvimba. Randa utepe wa mbao ngumu yenye mishipa myembamba hadi unene wa milimita 2 hivi, urefu usiopungua sentimita 55, kwa maana mzingo wa duara lako ni kama sentimita 50 na unahitaji ziada ya kuungia. Uloweke katika maji ya moto, uzungushe kwenye kiini, ufunge kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, uache ukauke siku mbili kabla ya kutia gundi. Kwa njia hiyo mishipa inafuata mzingo wote, na uzi haukutani na ncha hata mara moja. Mahali pa kiungo usikutanishe ncha kwa ncha. Zichonge kwa mshazari mrefu, ncha moja ilale juu ya nyingine, na ile ya juu ielekee upande ambao gurudumu linakimbilia kwa namna ambayo uzi utateleza juu yake, usije ukaikwangua.

Jambo ambalo michoro mingi haisemi kwa sauti ya kutosha ni hili: usilikereze gurudumu kwenye mashine kisha ukalihamishia kwenye ala. Lifunge kwanza kwenye mhimili wake wa chuma, na mhimili uingie katika beringi zake zenyewe, ndani ya sanduku kabla hujafunika kifua, halafu ulikereze likiwa hapohapo linapozunguka. Kosa dogo lolote la tundu au la beringi litajifuta lenyewe. Kujipima, funga kalamu ya risasi kwenye kitalu cha mbao ili ncha yake ikaribie ukingo bila kugusa, kisha uisogeze taratibu huku ukizungusha. Penye mwinuko patapata alama, penye bonde patabaki peupe. Unatoa kidogo penye alama, unafuta, unarudia. Mimi nilirudia mara kumi na tisa, na mke wangu ndiye aliyezihesabu kwa sababu kila mara nilimwita aje azungushe.

Ukishaweka nyuzi, usisahau pamba. Kila uzi hufungwa nyuzinyuzi chache za pamba pale unapoguswa na gurudumu. Bila pamba sauti itakuwa ya chuma kinachokwaruza bati. Ile ya dukani ya kufungia vidonda ina nyuzi fupi, huchanika. Tafuta pamba ghafi yenye nyuzi ndefu, hata ile inayolimwa Busia ambayo bado ina mbegu, uichambue kwa vidole hadi ubaki na utando unaokaribia kutoonekana. Ushikilie karibu na uzi, zungusha gurudumu polepole kwa upande wake wa kawaida, nao utajisokota wenyewe. Ukiufunga kinyume, gurudumu litaufungua. Rosini nayo iwe ya kugusa tu.

---

Muuza mbao, Kakamega

Nitajibu la pili. Usiweke mvule kwenye kifua. Mvule ni mti wa milango na mashua. Ni mzito, na kifua cha ala kinatakiwa kuwa chepesi kwa uzito na kigumu kwa urefu, sifa mbili ambazo kwa kawaida unazipata katika miti ya jamii ya misonobari. Wazungu hutumia msprusi kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya uzuri wa sura. Hapa kwetu saiprasi uliyoitumia iko katika ukoo huo wa miti ya majani ya sindano na magamba, na ndugu yake wa Ulaya alitumika sana Italia kwa vifua vya vinanda vya zamani na Hispania kwa miili ya magitaa, kwa hiyo hujapotea njia.

Tatizo la saiprasi ya mashamba yetu ni kwamba hukua haraka, kwa hiyo pete zake ni pana na mafundo ni mengi. Ukija dukani usichague ubao kwa upana. Tazama ncha yake: unataka ule ambao pete zinasimama wima kama meno ya kitana, zilizobanana, na usio na fundo kwa urefu wa mkono mmoja. Katika rundo la mbao hamsini huenda ukapata mbili. Kata vipande viwili kutoka ubao huohuo, vifungue kama kitabu, viunge katikati, kisha uvirande hadi milimita 3. Podo pia inafaa, ingawa marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali iliyowekwa mwaka 2018 ilifanya iwe shida kuipata hata kwa sisi tunaouza.

Kuhusu mbwa, maoni yangu ni mafupi. Anayelipa ndiye anayekula. Mteja akitaka aondolewe, mwondoe.

---

Mpigaji wa nyatiti, Siaya

Namheshimu kaka wa Kakamega, lakini katika hilo la mwisho sikubaliani naye hata kidogo, na nashangaa kwamba fundi anayechonga nyatiti ndiye anayeuliza.

Fundi, kumbuka unavyofanya ukimaliza kuwamba ngozi. Unachukua matete, unayakata, unayagandisha kwa nta ya nyuki juu ya ngozi ili nyuzi nane zipite juu yake, na unahangaika nayo nusu siku, unabonyeza nta kwa kidole gumba, unapiga uzi, unabonyeza tena, hadi kila uzi uache kulia peke yake na uanze kulia pamoja na mchirizo wake. Nyatiti isiyo na mchirizo huo unaweza kuipeleka kwa jathum (mpigaji) yeyote wa rika la baba yangu naye atairudisha akisema haijaiva. Juu ya hapo tunafunga gara, yaani njuga, kwenye kifundo cha mguu na kuvaa oduong'o, pete ya chuma, kwenye kidole gumba cha mguu ili kugonga ukingo wa chombo. Sisi hatujawahi kuona mlio mkavu kuwa uchafu. Ndio unaopeleka mdundo hadi nyuma ya umati pasipo kipaza sauti.

Huyo mbwa wa hadigadi anafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Nilimsoma kwa makini kwa sababu nilidhani ni binamu wa matete yetu. Ni kidaraja chenye miguu miwili, mmoja umechomekwa ndani ya nafasi yake na umetulia, wa pili uko huru, umegusa tu ubao wa kifua. Mpigaji akizungusha gurudumu kwa mwendo sawa, uzi huvuma na mguu ule hubaki chini. Akiongeza kasi ghafla kwa kiwiko, uzi hutikisika zaidi, mguu huinuka na kuupigapiga ubao, na hapo ndipo unaposikia ule mkwaruzo. Akirudi kwenye mwendo wa kawaida, unanyamaza. Kwa hiyo mkwaruzo si kelele inayotokea ovyo; ni ngoma ambayo mpigaji anaipiga kwa mkono uleule unaozungusha. Ukimwondoa mbwa umemwachia mpigaji wimbo na mvumo, lakini umemnyang'anya mdundo, na watu waliocheza dansi kwa ala hiyo vijijini Ufaransa hawangejua waweke mguu wapi.

Wala si wao peke yao. Vinubi vya Ulaya vya enzi ya Mwamsho (Renaissance) viliwekewa vigingi vilivyopinda ambavyo viligusa nyuzi makusudi ili zilie kwa mchirizo. Wahindi huchonga daraja pana la tambura kwa ajili hiyohiyo. Ni masikio ya siku hizi, yaliyolelewa na redio, yanayodhani kwamba sauti safi ndiyo sauti sahihi.

Hata hivyo, kabla hujagombana na mteja, muulize anataka kufundisha ala ya wakati gani. Nasema hivyo kwa sababu anaweza kuwa na hoja. Huko Santiago de Compostela, Uhispania, kwenye lango la kanisa kuu ambalo vizingiti vyake viliwekwa mwaka 1188, wamechongwa wazee 24 wa Ufunuo wakiwa na ala zao, na wawili kati yao wameketi wameshikilia pamoja hadigadi ya kale mapajani mwao. Ile ilihitaji watu wawili, mmoja azungushe na mwingine ashughulike na vibonye, ilikuwa na nyuzi tatu, na mbwa hakuwapo. Mbwa alikuja baadaye sana. Kama mwalimu anataka ala ya nyimbo za kanisa za wakati ule, basi alikuletea michoro isiyo yake.

---

Seremala wa Kibuye (Kisumu)

Dada wa Siaya, umenipiga mahali pangu. Sikuwahi kuilinganisha na nta yangu mwenyewe.

Michoro niliyopewa ina nyuzi 6 na vibonye 23. Je, hiyo ni ya wakati gani?

---

Fundi wa fidla, Nakuru

Hiyo ni ya Kifaransa, ya karne ya 18 na baada yake, na mbwa ni kiungo chake halali. Nyuzi mbili ni za wimbo, na nne zilizobaki ni za mvumo, mmoja wao ukiwa ndio ulio juu ya mbwa. Ukoo wa Pajot wa kijiji cha Jenzat, katikati ya Ufaransa, uliunda hadigadi za aina hiyo karne ya 19 yote, na ukitazama kazi zao utamwona mbwa kila mahali.

Tena tazama vizuri michoro yako penye kitako cha ala, pale nyuzi zinapofungiwa. Panapaswa kuwa na kigingi kidogo cha pembeni chenye kamba nyembamba inayokwenda hadi kwenye uzi wa mbwa. Ukikikaza, uzi unabadili mgandamizo wake na mbwa anabweka kwa urahisi. Ukikilegeza, hunyamaza kabisa hata ukizungusha kwa nguvu. Kwa hiyo huna haja ya kuchagua kati ya mteja na ala. Nashuku kwamba wewe uliunda mbwa lakini ukaacha kigingi, na ndiyo maana analia bila kukoma.

---

Mchongaji wa litungu, Bungoma

Samahani kwa kuingilia. Kwa nini mtu ajisumbue na gurudumu na beringi na mbwa? Ningekuwa mimi ningeunda udi, au ile ya Kizungu inayofanana nao. Haina chuma ndani, na wapigaji wa taarabu pale Mombasa wapo wa kuinunua.

---

Fundi wa fidla, Nakuru

Ndugu wa Bungoma, swali lako si la kuomba samahani, lakini usidhani kwamba udi ni njia ya mkato. Ile ya Kizungu, luti, imechukua hata jina lake kutoka kwa Kiarabu, al-udi, na tofauti kubwa ni kwamba luti hufungwa mishipa ya utumbo kuzunguka shingo ili kuonyesha mahali pa vidole, ilhali udi una shingo tupu. Mgongo wake si wa kuchonga kama bakuli la kinubi chako cha litungu. Ni mbavu nyembamba za mbao, milimita 1.5 hivi, kila moja imepindwa kwa moto na kuungwa na jirani yake juu ya umbo la kuundia, ukingo kwa ukingo, na ukingo huo hauna upana wa kushikia gundi zaidi ya unene wa ukucha. Kifua chake nacho kina unene kama huo, na ua la katikati halibandikwi bali hutobolewa ndani ya kifua chenyewe kwa ncha ya kisu. Nimeharibu vifua viwili nikijaribu, cha pili nikiwa nimebakiza majani matatu tu ya ua.

Wenzetu waliifanya kuwa kazi ya mji mzima. Füssen, mji mdogo chini ya milima ya Alpi huko Ujerumani, ndio uliokuwa na chama cha kwanza cha mafundi wa luti barani Ulaya, kilichoanzishwa mwaka 1562, kwa sababu misitu ya msprusi na ya miti ya mbavu ilikuwa mlangoni na njia ya biashara ya kwenda Italia ilipita hapo. Wengi wao walihamia kusini. Laux Maler, Mjerumani aliyefanya kazi Bologna, alipofariki mwaka 1552 karakana yake ilikutwa na luti takriban 1,100. Hesabu hiyo humfanya mtu ajiulize kama tunayoyafanya sisi, ala moja kwa miezi mitano, yanastahili kuitwa karakana.

Nalo hili linamhusu mwenye mada. Luti ilipoanza kupitwa na wakati Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 18, fundi mmoja wa Versailles aliyeitwa Bâton alichukua miili ya magitaa ya zamani, na baadaye ya luti, akaitoboa, akaitia gurudumu na vibonye, akaiuza kama hadigadi kwa watu wa hadhi. Ndiyo maana hadi leo hadigadi za Kifaransa zina sura mbili, ya gitaa na ya luti. Fundi wa Kibuye, nadhani michoro yako ni ya sura ya gitaa, yenye mgongo bapa. Shukuru Mungu.

Kama ndugu wa Bungoma bado anataka udi, aanze kwa bikari na karatasi. Henri Arnaut wa Zwolle, mtaalamu aliyekuwa katika makao ya mtawala wa Burgundy, alichora luti kwa bikari na rula pekee yapata mwaka 1440, umbo lote likitokana na duara zinazokatana, bila kipimo kimoja cha namba. Chora hivyo mara kadhaa kabla hujanunua ubao. Karatasi haigharimu kitu.

---

Seremala wa Kibuye (Kisumu)

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki sita.

Gurudumu jipya nimeliunda kwa plaiwudi na utepe wa mti wa mwembe niliokuwa nao, uliokauka miaka minne juu ya dari ya karakana. Utepe wa kwanza ulikatika nikiuzungusha, kwa kuwa nilikuwa na haraka na maji yalikuwa yamepoa. Wa pili ulikubali. Nililikereza likiwa ndani ya sanduku, mwanangu akizungusha, mimi nikiwa nimeegemeza patasi kwenye kipande cha chuma. Kalamu ya risasi ilipiga alama upande mmoja tu mara ya kwanza, kisha pande tatu, kisha ikawa inaacha mstari hafifu kuzunguka kote, kama mtu aliyechora duara kwa mkono uliotulia. Hapo niliacha. Mvua zimenyesha tena tangu siku hiyo na sauti haijayumba.

Pamba niliipata kwa mama mmoja wa Busia anayeuza njugu sokoni. Alinipa vitumba vitano bure na hakuamini nilipomwambia ni vya kuimbia.

Kuhusu kigingi cha mbwa, fundi wa Nakuru ulisema kweli. Kilikuwamo kwenye karatasi ya sita, kimechorwa kidogo kiasi kwamba nilidhani ni tone la wino. Nimekichonga kwa mpingo. Jumamosi mwalimu alikuja Kisumu mwenyewe. Nilikilegeza kabla hajafika, akapiga wimbo wa kanisa kwa muda wa nusu saa, akaridhika, akafungua pochi. Nikamwomba avumilie kidogo. Nikakikaza robo mzunguko, nikamwambia azungushe kwa kushtua kiwiko kama anayekaza pampu ya maji. Mbwa akabweka mara nne kwa kila mzunguko. Wale vijana wangu waliokuwa wakipiga msasa kitanda waliacha kazi, mmoja akaanza kutingisha mabega. Mwalimu hakusema neno. Alilipa pesa zilizobaki zote, akauliza kigingi kinaelekea upande gani kukazwa, akaandika kwenye kiganja chake.

Ataichukua wiki ijayo aende nayo Nakuru kwa matatu. Kisumu tuko kando ya ziwa, mwinuko wa mita 1,131 hivi, na Nakuru ni juu na kukavu zaidi. Je, kuna jambo la kufanya kabla ya safari?

---

Fundi wa fidla, Nakuru

Ondoa kila uzi juu ya gurudumu uuweke pembeni yake, ili ukingo usipate kovu ukibanwa mahali pamoja kwa saa nne. Legeza nyuzi nusu sauti. Mwambie asiiweke kwenye buti, juu ya injini wala juu ya paa; ishikwe mapajani. Ikifika isifunguliwe siku hiyohiyo, iache izoee hewa usiku kucha, na asubuhi atakuta nyuzi mbili au tatu zinahitaji karatasi zaidi chini yake, kwa sababu kifua cha saiprasi kitakuwa kimeshuka kidogo. Akishindwa, anipigie hodi karakanani kwangu. Nami nataka kumsikia huyo mbwa.